Jerikeni mwisho: ninavyopanga mazoezi ya ngumi na mateke

Umeme ukikatika uani kwetu Katwe saa moja kasoro jioni, vijana wangu hawapigi kelele. Wanajua kazi ya macho imekwisha. Kilichobaki ni jerikeni, na jerikeni haitaki taa: unashika, unabeba mpaka ukutani, unarudi. Kampala jua linazama karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, kwa hiyo hata giza peke yake lingetosha kunifundisha kuweka ufundi kwanza na nguvu baadaye. Ila mimi somo hilo nililipata zamani, kabla sijahamia huku, tena kwa kupigwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nimezaliwa kambini Jinja, baba askari, mama Mnubi wa Bombo, na Kiswahili ndicho tulichogombania nacho utotoni. Ngumi nilianza nikiwa na miaka 14. Mwalimu wetu wa wakati ule alikuwa na utaratibu mmoja usiobadilika: mbio mpaka bwawa la Nalubaale na kurudi, pressapu 100, kuruka kichura kuzunguka uwanja, ndipo mnavaa glavu. Tukifika kwenye glavu mikono inatetemeka kama ya mwenye homa, nasi tunajiona wanaume kwelikweli. Kila nilipopiga jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, mkono wa kushoto ulirudi kifuani badala ya kurudi shavuni, maana bega lilikuwa limeshakufa. Nikarudia hivyo jioni baada ya jioni, miaka miwili. Siku ya pambano langu la nne nilikuwa mzima, nimelala vizuri, sina uchovu wowote, na mkono ukarudi kifuani vilevile. Kijana wa watu alikuwa ameshauona. Nilichokumbuka baadaye ni taa za dari na vidole vya mwamuzi.

Kuutoa ule mkono kifuani na kuurudisha shavuni kulinichukua zaidi ya mwaka. Mwili unahifadhi unachorudia, kizuri au kibovu, na ukirudia ukiwa umechoka unahifadhi umbo la mtu aliyechoka.

Kwa hiyo utaratibu wangu wa jioni moja ni huu: kupasha mwili, ufundi mpya, padi (kupiga mito anayoishika kocha) au sparingi (kupigana na mwenzako kwa mazoezi), kuruka na kurusha, nguvu, pumzi, kunyoosha. Nitaeleza kila kipande, ingawa si vyote vina uzito sawa.

Kupasha hakuna siri. Raundi mbili za kamba, kuzungusha mabega na nyonga, kurusha miguu mbele na pembeni, kisha raundi moja ya kupigana na kivuli polepole. Dakika 12 zinatosha. Jambo moja tu: usikae chini ukavuta misuli ya paja dakika nzima au zaidi kila upande kabla ya kupiga mateke. Kunyoosha kwa kukaa muda mrefu hivyo kunaipunguzia misuli nguvu ya kurusha kwa muda. Kuweke mwisho, mwili ukiwa unapoa.

Ufundi mpya ndio moyo wa jioni, na hapa ndipo watu wanapokosea. Nafundisha kitu kimoja. Kimoja tu. Jumanne ikiwa ni teke la kuzunguka, basi ni teke la kuzunguka mpaka nipige kipyenga. Wanapiga matano au sita, wanapumzika, wanapiga tena. Wakati wa kupumzika wanasimama na kutazama mwenzao, hakuna pressapu za kujazia muda. Wazazi wengine wakija hawapendi. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, nalipa ili asimame?" Nikamjibu, "Mama, anasoma." Kampala tuna ugonjwa huo: mtu akitoka mazoezini anatambaa, tunasema leo amefanya kazi. Kuchoka ni rahisi. Hata kupanda Kololo na gunia mgongoni utachoka, na hutajua kupiga jebu.

Ninajuaje kwamba muda wa ufundi umekwisha? Kosa lilelile likijitokeza mara tatu mfululizo, nasimamisha, hata kama ni dakika ya kumi. Kuendelea hapo ni kufundisha kosa.

Nilikuwa nikiyasema haya miaka mingi bila ushahidi wa kumwonyesha mtu, mpaka binti mmoja anayeuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, karibu na karakana yetu akanipa ushahidi bila kukusudia. Alifika amechelewa, ametoka kukanda unga wa chapati, mikono haikuoshwa vizuri. Akafunga bendeji zake nyeusi juu juu, na unga ukashika kwenye bendeji. Nikamwambia apige jebu 20 hewani. Alipomaliza nikatazama uso wake: shavu la kushoto jeupe pepepe. Maana yake mkono ulikuwa unarudi nyumbani kila mara. Nikamfuta. Akaniuliza, "Kocha, mbona leo hatuanzi na pressapu kama kule nilikotoka?" Nikamwambia haya, piga 30, kisha jebu 20 nyingine. Alipomaliza shavu lilikuwa na alama ndogo tu karibu na sikio. Weupe wote ulikuwa kwenye fulana, juu ya titi la kushoto na begani. Akajitazama, akacheka, kisha akanyamaza.

Tangu siku hiyo natumia chaki. Paka chaki kwenye bendeji upande wa kidole gumba, piga ngumi 20, kisha soma alama mwilini mwako. Ukifundisha mateke, paka chaki kwenye muundi na utazame inapoacha alama kwenye begi: ambaye hajachoka anagusa mahali pamoja, aliyechoka anachora kama kuku aliyekwaruza. Chaki haibishaniwi.

Baada ya ufundi mpya inakuja padi, au sparingi siku za Jumamosi. Sparingi ina sheria ambayo sina mjadala nayo: haifanyiki kamwe baada ya nguvu wala baada ya mbio kali. Mtu aliyechoka shingo imelegea na mikono iko chini. Ngumi ambayo angeikwepa kwa urahisi inamfika yote kichwani. Tena akipigwa kichwani akaona nyota, akasahau ni siku gani, au akatapika, amemaliza mazoezi. Anapelekwa kwa daktari, harudi ulingoni mpaka daktari aseme. Mengine yote humu unaweza kuyageuza kulingana na hali yako, lakini hili liache kama lilivyo.

Sasa nguvu. Kabla ya vitu vizito ninaweka kuruka na kurusha, kwa sababu kasi nayo inataka mwili mbichi, ingawa si mbichi kama ufundi. Kuruka juu mara tano, kurusha mpira uliojazwa mchanga ukutani mara tano, mapumziko dakika mbili, seti nne. Watu wanayafupisha mapumziko kwa sababu hawahemi, wanaona wanapoteza muda. Ukiruka bila kupumzika unafanya mazoezi ya pumzi kwa jina la kasi.

Nguvu yenyewe nimeipunguza mpaka ikabaki mambo manne: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kubeba. Vifaa nimevitengeneza mwenyewe, na wewe unaweza. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 na ushee kidogo wa plastiki; ukijaza nusu ni 10, kwa hiyo unaongeza uzito kwa kikombe kama unavyopika chai. Kopo la rangi la lita 4 ukilijaza zege linakaribia kilo 10, mawili kwenye ncha za bomba ni chuma cha kunyanyua. Tahadhari moja ya fundi: bomba jembamba la maji litapinda, tafuta ekseli ya gari kuukuu. Kuvuta, tunajivuta kwenye bomba nililolichomelea kati ya nguzo mbili. Seti tatu au nne, marudio matano kila seti, mapumziko dakika mbili mpaka tatu, na uzito uwe ule unaokuachia akiba ya marudio mawili ambayo ungeweza kuyaongeza. Kubeba tunafanya mita 20, jerikeni mkono huu na mkono huu, mgongo umenyooka. Hakuna anayebeba mpaka adondoke.

Mtu ataniuliza: je, ufundi wa nusu saa hautaiharibu nguvu? Utaipunguza kidogo. Lakini nguvu ni mnyama mvumilivu. Kuchuchumaa na jerikeni baada ya padi utaweza, labda kwa kilo chache pungufu. Kupima umbali wa mtu anayesogea, kujua kwamba bega lake limetikisika kabla ya ngumi, hilo ukishachoka huliwezi. Ndiyo maana chenye kuvumilia nakiweka nyuma.

Pumzi ndiyo ya mwisho kabla ya kunyoosha, na ni fupi: raundi tatu za dakika mbili kwenye begi kwa nguvu zote, dakika moja katikati, au mbio sita za kupanda kilima kwa sekunde 15, unashuka kwa kutembea. Hapa ruksa kuchoka. Hapa ndipo wapenda jasho wanapopata haki yao.

Mbio ndefu za alfajiri sizikatazi. Zinamsaidia mtu kurudisha pumzi kati ya raundi na raundi. Ila zisigandane na nguvu. Mwanafunzi mmoja wa Makerere anayefanya mazoezi kwetu alinisomea habari za Robert Hickson, mtafiti wa Marekani, aliyechapisha jaribio lake mwaka 1980. Alikuwa na makundi matatu kwa wiki 10: la nguvu tu, la pumzi tu, na la vyote viwili. Kundi la vyote viwili lilipanda nguvu sawa na wenzao mwanzoni, likakwama karibu na wiki ya 7 na ya 8, kisha nguvu ikaanza kushuka, wakati pumzi yao iliendelea vizuri. Walifanya kazi nyingi, pumzi peke yake siku 6 kwa wiki, kwa hiyo usiogope kukimbia. Kitu ninachokichukua mimi ni kutenganisha: ukikimbia saa kumi na moja alfajiri, beba vyuma jioni, angalau saa 6 zipite katikati na ule chakula hapo. Kijana wa bodaboda anayeshinda kwenye pikipiki mchana kutwa hana nafasi hiyo, basi anakimbia siku ambazo habebi.

Wiki nayo ina mpangilio wake, na ni hapa nilipokosea miaka yangu ya kwanza ya kufundisha. Nilikuwa naweka kuchuchumaa kuzito Jumatatu, halafu Jumanne nashangaa mateke yote yanaishia magotini. Maumivu ya misuli baada ya kazi ngeni au nzito hukomaa kati ya siku moja na siku tatu. Kwa hiyo miguu mizito sasa ni Jumamosi baada ya kila kitu, Jumapili mapumziko, Jumanne tunarudi kwenye ufundi miguu ikiwa imekubali. Alhamisi ni ya mikono na kuvuta.

Kila mwanafunzi ana mstari wa chaki ukutani, mahali vidole vyake vinapofika akiruka siku ya uzima wake. Akifika jioni, akishapasha, anaruka mara tatu. Akipungukiwa na upana wa vidole vitatu, siku hiyo hapewi vizito. Anafanya ufundi taratibu anakwenda kulala. Mara nyingi ukimdodosa utakuta hakulala, au tangu asubuhi amekula kikomando kimoja tu, chapati na maharage. Hilo la chakula nalo: posho, yaani ugali, na maharage saa tatu kabla ya mazoezi, si nusu saa kabla. Kama huna budi, ndizi mbivu mbili.

Sasa nitajipinga mwenyewe kidogo. Mapambano hayaamuliwi ukiwa mbichi. Ngumi za ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu, na ile ya tatu wote wawili mnavuta miguu. Wazee wa benchi letu la kahawa wakianza habari za bondia wetu John Mugabi hawamalizi: medali ya fedha Moscow 1980, kisha mapambano 25 ya kulipwa, yote ameshinda kabla ya muda, mpaka bingwa wa dunia Marvin Hagler wa Marekani akamwangusha raundi ya 11 mwezi Machi 1986. Mmoja anasema pumzi, mwingine anasema ufundi, kahawa inapoa. Mimi nasema mtu ajue kupiga akiwa amechoka, ila ajifunze kupiga akiwa hajachoka. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya nguvu, ninaweka raundi moja, nasema moja, ya padi. Hairuhusiwi kitu kipya. Jebu, kurudi nyuma, kinga juu, teke la chini, vitu ambavyo mtu amevifanya mwaka mzima. Mbele yake nipo mimi na padi, si mwenzake mwenye glavu. Chaki ikihama kutoka shavuni kwenda kifuani, kipyenga, basi.

Anayeanza haimhusu raundi hiyo. Miezi miwili ya kwanza anabeba mwili wake tu, pressapu na kujivuta, na robo tatu ya muda wake ni ufundi. Watoto chini ya miaka 12 wanacheza: wanakimbizana, wanavutana, wanabiringika. Mtu anayempa mtoto wa miaka 9 kuruka kichura 100 kwa sababu amechelewa ana hasira zake binafsi.

Mwenye pambano mbele yake mpangilio unabadilika. Wiki 8 kabla, nguvu inaweza kupewa siku yake peke yake, na siku hiyo ndiyo inakuwa ya kwanza, ufundi unabaki wa kupashia tu. Kuanzia wiki ya 4 uzito unapungua, kuruka na kurusha kunaongezeka, padi inakuwa kwa urefu wa raundi za kweli. Siku 10 za mwisho ninakata kazi karibu nusu lakini kasi haiguswi: anapiga vichache, kwa ukali uleule. Vijana wengi wanaogopa siku hizo. Wanaona wanalainika, wanatoroka usiku kwenda kukimbia. Mmoja nilimkuta saa nne usiku barabarani, siku tatu kabla ya kupanda ulingoni, amevaa koti la plastiki. Alipigana kama gunia lenye maji.

Ramadhani tunageuza tena. Nusu saa kabla ya futari, ufundi mwepesi wa kivuli, hakuna jasho jingi, hakuna sparingi kabisa kwa aliyefunga maana mwili mkavu si wa kupigwa. Nguvu inakuja baada ya tarawehe, maji yakiwa yameshaingia. Wasiofunga huwa wanakuja saa hiyohiyo kwa hiari yao, tunaishia kula pamoja.

Na kama siku moja una dakika 40 tu kabla ya kurudi kazini? Dakika 8 za kupasha, 20 za ufundi, 12 za kusukuma na kuvuta. Achana na pumzi siku hiyo. Usifanye kinyume chake, ukakimbia nusu saa halafu ukapiga ngumi dakika kumi za haraka ili moyo uridhike.

Kubeba tunakuweka mwisho wa vyote vizito kwa sababu nyingine pia. Jerikeni zile si zangu. Kila mwanafunzi anakuja na zake tupu, tunazijaza bombani kabla ya kuanza, na seti yake ya mwisho haiishii ukutani. Binti wa rolex anatoka na mbili, getini anapinda kushoto, anapanda ngazi za udongo mpaka kwao. Maji yale ni ya kukandia unga wa kesho.